Shangazi, mwanangu wa miaka mitano kapangiwa siti peke yake kwenye ndege, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi. Nimekuwa nikikusoma kimyakimya muda mrefu sana ila leo imenibidi niandike maana kichwa kinaniuma na hapa nyumbani hatuelewani.

Tunasafiri kifamilia wiki chache zijazo, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mkubwa ana miaka kumi, wa kati mitano, na mdogo ana miezi kumi, huyu nitampakata. Tiketi yangu na ya watoto tulikata kwa wakala, ya mume wangu imekatwa na ofisini kwao kwa sababu yeye anaenda kikazi, kwahiyo ndege ni ileile siku ileile ila buking ni mbili tofauti. Wakala alituambia msiwe na wasiwasi, watoto wanawekwaga na mzazi wao automatiki. Basi juzi nikaingia kwenye apu kuangalia, Shangazi nilihisi moyo umeruka. Mimi na kachanga niko 12C, wa miaka kumi yuko 23E, na huyu wa miaka mitano yuko 31B, yaani nyuma kabisa katikati ya watu wawili asiowajua. Mume wangu kwenye buking yake anaonekana 17A.

Nikapiga simu kastoma kea. Wa kwanza akasema mama usijali, sistimu itawapanga upya ukifika wakati wa kuchekini. Sikuridhika nikapiga tena, mwingine akasema hapana, tiketi yenu ni ya bei ya chini haina kuchagua siti, mkitaka kukaa pamoja mlipie kila mmoja. Nikaingia kwenye chati, huko wakaniambia niongee na wahudumu getini. Kwenye tovuti yao nako wameandika "tutajitahidi kuziweka familia pamoja kadiri itakavyowezekana". Sasa kadiri itakavyowezekana ndo nini? Na nimekuja kuona pia kwa maandishi madogo chini ya tiketi kwamba shirika lililotuuzia siyo lenye ndege, ndege ni ya shirika lingine wanaloshirikiana. Wananipiga danadana tu.

Mume wangu anasema nisilipe hata senti, kwamba hakuna ndege itakayoruka na mtoto wa miaka mitano amekaa peke yake, wenyewe watahangaika. Mimi nakumbuka safari yetu ya nyuma na shirika jingine, ilitutokea hivihivi, huyuhuyu wa kati alikaa na watu baki, tukamuomba baba mmoja abadilishane na mimi akakataa kabisa akasema siti yake kailipia, watu wanatuangalia, mtoto analia, mlango unakaribia kufungwa. Alikuja kubadilishiwa na dada mmoja wa safu ya nyuma ndege ikiwa imeshaanza kutembea kwenda kuruka na mtoto ameshajitapikia. Sitaki tena ile hali.

Naomba unisaidie, nilipie siti zote au mume wangu yuko sahihi? Na kuna sheria yoyote inayotulinda? Mama wa watatu.

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na uache kujiona una wasiwasi uliopitiliza, mtoto wa miaka mitano anaweza kushindwa kujifunga mkanda vizuri peke yake na huenda hajui kuvaa barakoa ya oksijeni ikidondoka, hilo ni jambo la usalama kabla halijawa jambo la raha. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imelieleza hivyohivyo kwenye mwongozo wake, kwamba watoto wadogo inafaa wakae safu moja na mtu mzima wao, na ikishindikana kabisa wasitengane kwa zaidi ya safu moja, sababu yake ni kwamba ikitokea watu wanatakiwa kutoka haraka kwenye ndege, mzazi hatatoka, atageuka kumfuata mwanae na kupishana na watu wanaokimbilia mlangoni. Ukiwaza yule wa 31B na wewe uko 12C na mtoto mchanga kifuani utaona hiyo siyo hofu ya kubuni.

Mume wako ana nusu ya ukweli. Ni kweli wahudumu wengi watafanya kila njia mtoto asikae peke yake. Lakini watafanya saa ngapi na kwa kumtumia nani? Watafanya watu wote wameshaingia, ndege imejaa, na njia pekee iliyobaki ni kumuomba abiria mwingine aachie siti yake, na yule abiria ana haki ya kusema hapana. Yule baba aliyewakatalia mimi simlaumu, aliyekosea ni shirika lililouza siti bila kupanga watoto kwanza halafu likawaacha abiria mgombane wenyewe kwa wenyewe. Kwahiyo mpango wa "watahangaika wenyewe" maana yake ni kwamba utakayehangaika ni wewe, umesimama koridoni na kachanga mkononi.

Sasa kwanini sistimu imewatawanya hivyo? Mara nyingi hakuna mtu aliyekaa akaamua kukutenganisha na mtoto, ni kompyuta inayogawa siti zilizobaki. Nauli za chini kabisa huwa hazina haki ya kuchagua siti, zile nzuri zinabaki kwa wanaolipia, na nyingine zinazuiwa zisionekane kwenye apu mpaka siku ya safari uwanjani, ndo maana unaona ramani imejaa wakati haijajaa. Halafu kuna suala la mtoto wa kupakatwa ambalo watu wengi hawalijui kabisa. Kwenye ndege nyingi kila upande wa safu yenye siti tatu kuna barakoa nne za oksijeni, yaani ile moja ya ziada ndo ya mtoto mchanga, kwahiyo upande mmoja hauwezi kuwa na wachanga wawili, na kuna safu nyingine hawaruhusiwi kabisa, ikiwemo ya milango ya dharura ambayo hata hawa wakubwa wako hawaruhusiwi kukaa. Kwahiyo kompyuta ikikutafutia wewe na kachanga inakupeleka kwenye safu inayokubali, na wale wawili inawatupa palipo na nafasi.

Kabla hujabishana na mtu yeyote tena kuhusu pesa, hakikisha kitu kimoja, buking inajua kwamba hao ni watoto? Mawakala wengine kwa haraka huwa wanaingiza kila mtu kama mtu mzima au wanaacha tarehe ya kuzaliwa, na kama sistimu inamuona mwanao ni abiria wa kawaida haina sababu ya kumuweka karibu na wewe. Fungua tiketi uangalie kama imeandikwa mtoto mbele ya majina yao, na kama huoni mpigie wakala aingize tarehe za kuzaliwa leoleo, hiyo ni kazi yake na ameshalipwa.

La pili ni hilo la maandishi madogo, na nadhani hapo ndo penye chanzo cha danadana yote. Aliyekuuzia siyo anayerusha ndege, na anayepanga siti ni mwenye ndege. Huyo wa kwanza aliyekwambia usijali anaweza kuwa anasoma sera ya kampuni yake ambayo haina nguvu kwenye ndege ya mwenzake. Mwombe wakala namba ya buking ya shirika linalorusha ndege, mara nyingi huwa ni tofauti na ile uliyopewa, halafu uwapigie hao moja kwa moja. Na mume wako naye achukue namba yake kutoka ofisini kwao. Buking mbili kwa kawaida haziunganishwi zikawa moja, ila wanaweza kuweka maelezo kwamba hawa ni familia moja wanasafiri pamoja. Usiitegemee sana hiyo, ahadi nyingi za familia kukaa pamoja zinahusu watu walio kwenye buking moja tu, kwa macho ya sistimu, kwenye buking yako mtu mzima ni wewe peke yako na watoto watatu.

Hapa nakuomba ufikirie tofauti kidogo mwanangu. Umekuwa ukiomba mkae wote pamoja na ndo maana jibu linakuja la kulipia kila mmoja. Nyie ni watu watano kwenye siti nne, sahau kukaa wote. Unachohitaji kweli ni kwamba wa miaka mitano awe ubavuni kwako, basi. Huyu wa miaka kumi akae na baba yake, au ng'ambo ya koridoni, au hata safu ya mbele yako ambapo unaona kichwa chake, kwa umri huo anaweza kujifunga mkanda na kuita mhudumu. Hata mashirika yenye sera nzuri, ahadi yao huwa ni mtoto kukaa pembeni ya mtu mzima mmoja, siyo familia nzima mstari mmoja. Ukiomba kidogo namna hiyo unapata kwa urahisi zaidi, na hata ikibidi kulipa unalipia siti mbili tu zilizokaribiana badala ya zote.

Ukipiga simu usiulize "tutakaa pamoja?" kwa sababu hilo swali linajibiwa "ndiyo usijali" na mtu anayetaka kukata simu. Sema hivi: nina mtoto wa miaka mitano kwenye buking hii, amepangwa 31B na mimi nipo 12C nikiwa na mtoto wa kupakatwa, naomba unipe sasa hivi siti mbili za pembeni kwa pembeni kwenye safu inayoruhusu mchanga, na unitajie namba. Akishataja namba mwambie atume kwenye imeili ukiwa bado hewani. Akisema wataangalia wakati wa chekini, mwulize jina lake na umwambie aandike kwenye buking kwamba umeomba. Maneno kama "tutajitahidi" na "kwa kawaida" yahesabu kuwa ni hapana mpaka uone namba kwenye skrini, halafu piga skrinshoti.

Umeuliza sheria. Jibu linategemea ndege inatoka wapi na kwenda wapi, na hujaniambia, kwahiyo nakupa ninayoyajua. Kanada ndo wameliweka sawasawa, kwa ndege zinazoingia, zinazotoka na za ndani ya Kanada shirika linatakiwa kumkalisha mtoto karibu na mzazi bila malipo ya ziada, chini ya miaka 5 akae siti iliyo ubavuni kabisa mwa mzazi, wa 5 mpaka 11 awe safu moja na mzazi wasitenganishwe na zaidi ya siti moja, wa 12 na 13 wasizidi safu moja. Kwahiyo huyu wako wa mitano kule angeweza kisheria kuwekwa na mtu mmoja kati yenu, siyo ubavuni kwako kabisa, lakini 31B na 12C haiwezekani. Marekani bunge lao liligusa hili suala tangu 2016, na 2023 wizara ya usafiri ikaanza kuchapisha jedwali linaloonyesha ni mashirika gani yameahidi rasmi kumkalisha mtoto wa miaka 13 kushuka chini na mtu mzima wake bila malipo, na yale yaliyoahidi yanabanwa na ahadi yao. Agosti 2024 wizara hiyo ikapendekeza liwe lazima kwa mashirika yote, ila pendekezo ni pendekezo, usiende nalo kaunta kama sheria. Na hata zile ahadi zina masharti, buking iwe moja, siti za pamoja ziwepo wakati unakata, na ndege isibadilishwe ikaletwa ndogo. Ulaya kuna mashirika ya bei nafuu, mfano Ryanair, ambayo yanamtaka mtu mzima mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 alipie siti yake halafu watoto mpaka wanne wanapata za kukaa naye bure. Unaona jinsi kila mmoja ana lake? Ndo maana nakwambia soma masharti ya usafirishaji ya shirika linalorusha ndege, siyo ukurasa wa matangazo wenye picha ya familia inacheka.

Na hapa niseme wazi kinachonikera. Shirika linajua umri wa mtoto tangu siku ya kukata tiketi, linajua mzazi ni nani, lina siti zote mkononi, halafu linamuuzia mzazi utulivu wa kukaa na mwanae kama vile ni mzigo wa ziada. Kulipia dirisha au nafasi ya miguu sawa, hiyo ni starehe. Kumlea mtoto siyo starehe.

Haya, ulipie au usilipie? Piga simu kwanza kama nilivyokwambia, kwa wenye ndege, na uwape siku moja mbili. Wakikupa namba bure umemaliza. Wakikataa, na hela ipo, lipia siti mbili, yako na ya wa kati, na utunze risiti. Najua baba watoto atasema tumeliwa, mwambie Shangazi kasema hiyo hela unalipa ili usiwe na deni la fadhila kwa abiria usiyemjua dakika ya mwisho, na malalamiko mnaweza kuandika baadae kwa utulivu mkiwa na majibu yote matatu tofauti waliyokupa, yale ya chati hasa kwa sababu yako kwenye maandishi. Kama hela haipo, basi silaha yako ni muda. Chekini ya mtandaoni kwa mashirika mengi inafunguliwa saa 24 kabla ya safari, mengine 48, wewe uwe umeshika simu dakika inapofunguka, na mume wako afanye hivyohivyo kwa yake ili ajaribu kuvuta siti karibu na 23E ya mkubwa. Ikigoma, mfike uwanjani mapema, mapema kweli, kwa sababu zile siti zilizofichwa zinaachiwa na wafanyakazi wa kaunta na getini, na anayefika wa kwanza na mtoto wa miaka mitano mkononi anasikilizwa tofauti na anayefika wamebaki watu kumi.

Endelea kuangalia apu hata ukishapewa namba. Ndege ikibadilishwa aina, ramani yote inavurugika na siti zako zinaweza kupotea bila mtu kukuambia, na hili hutokea hata kwa waliolipia. Likikutokea piga simu siku hiyohiyo, na kama ulilipia na hukupata dai pesa yako, kwa Marekani kwa mfano kanuni za 2024 zinataka abiria arudishiwe pesa ya huduma aliyolipia na hakupewa, ikiwemo siti ya kuchagua.

Ikifika mpaka ndani ya ndege bado mmetawanyika, usianze kuomba watu mwenyewe, mwambie mhudumu mlangoni kabla hujakaa, yeye anajua siti gani hazina mtu. Akikwambia tafuta wa kubadilishana naye, mpe mtu siti iliyo sawa na yake au nzuri kuliko yake. Hiyo 12C yako ni ya koridoni tena mbele, ni mali hiyo, usiulize "naomba nije hapo", mwambie anayekaa na mwanao kwamba wewe una 12C na ungependa ampishe, maana yeye aliye nyuma kabisa safu ya 31 anapata faida. Ila kumbuka ile barakoa ya ziada, mwulize mhudumu kwanza kama safu ya 31 inakubali mchanga na hakuna mchanga mwingine upande huo, vinginevyo utahamishwa tena. Na usimkalishe mtoto kwenye siti ya mtu kabla mwenyewe hajafika ukitegemea ataona aibu, wengi hukasirikia hapo na ndo wanakataa.

Halafu kila mtoto awe na kibegi chake, huyu wa kati awekewe nguo ya kubadili, mfuko wa kutapikia na maji, usiweke kila kitu kwenye begi lako moja halafu mkatenganishwa safu ishirini. Mfundishe nyumbani kufunga na kufungua mkanda, na mwonyeshe kabla ya safari kwamba kuna kitufe cha kumwita mhudumu.

Mpigie wakala asubuhi akupe ile namba ya pili ya buking na athibitishe tarehe za kuzaliwa, na baba watoto aombe yake ofisini kesho hiyohiyo. Wakikukatalia niandikie tena uniambie unatoka wapi kwenda wapi na wamekujibu nini neno kwa neno, nikusaidie kuandika barua ya malalamiko.